Mlango wa Makumbusho ya Rugenge

Hotuba kamili ya Bwana Firmin-Norbert, Mkurugenzi wa Muda wa Ofisi ya Kukusanya Vitu vya Wahenga, aliyoitoa katika uwanja wa Rugenge, mjini Uvira, siku ya kuadhimisha miaka sita ya uhuru. Yaliyo ndani ya mabano ni ya umati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Kamishna, uliyeacha kazi nzito za taifa kule Bukavu ukateremka milima katika vumbi ili uje kutuona. Mheshimiwa Mke wa Bwana Kamishna, ambaye hakuja, lakini ambaye salamu zake tumezipokea hata kabla hajazituma. Waheshimiwa wakubwa wa jeshi, mliokaa kivulini kama wanavyostahili watu waliotuotea jua. Waheshimiwa mapadri, mashehe na wachungaji, niliowapanga kwa alfabeti ili atakayenung'unika anung'unikie alfabeti, asininung'unikie mimi. Waheshimiwa machifu, na makapita wanaowasaidia, wa uwanda wa Ruzizi, kuanzia Bwegera hadi Mutarule na vile vijiji vya katikati ambavyo majina yake yamenitoka. Mabwana wafanyabiashara wenye malori, na mabwana wafanyabiashara waliokuwa na malori kabla ya maasi. Mke wangu mpenzi, Mama Georgette, ambaye hayupo hapa kwa kuwa yuko jikoni kwa ajili ya taifa. Wavuvi wa ndagala, wakulima wa mpunga, mama zangu, shemeji zangu. Na ninyi wengine mliosimama kule nyuma, ambao serikali inawajua kwa ujumla wenu: nawasalimu, na nangoja mnisalimu.

(Watu wanamsalimu. Si wote.)

Asanteni. Mabibi na mabwana, leo ni siku kubwa. Ni siku kubwa kwa sababu ya uhuru, na ni kubwa zaidi kwa sababu yangu, maana uhuru uliletwa na wengi, bali jambo tunalolizindua leo limeletwa na kichwa kimoja, na kichwa hicho mnakitazama. Leo tunafungua Musée, yaani Makumbusho, ya historia ya Uvira na pwani yote ya kaskazini ya Tanganyika, makumbusho ya kwanza ya aina yake, na kama hali ya bajeti itabaki ilivyo, ya mwisho.

(Makofi kutoka viti vya mbele.)

Wengi wenu mliniuliza, na haki yenu kuuliza ipo, ingawa haki yangu ya kutojibu ipo pia: makumbusho ni kitu gani? Nitawaeleza kwa lugha nyepesi, maana nimesoma lakini sijasahau nilikotoka. Makumbusho ni nyumba ya serikali ambamo kitu cha zamani kikiingia hakitoki tena.

(Mzee mmoja anasema kwamba nyumba za namna hiyo anazijua, tena aliwahi kulala ndani ya moja. Kicheko.)

Huyo ni Mzee Placide, mvuvi wetu wa siku nyingi, na mzaha wake tumeusikia. Nasema hivi: mwacha asili ni mtumwa. Na sisi tuliokataa utumwa wa Mbelgiji hatuwezi kukubali utumwa wa kusahau. Ndiyo maana, mara tu amani iliporudi, niliondoka ofisini kwangu, nikavaa viatu vya kazi, nikapita nyumba kwa nyumba kuwaomba mtoe vitu vya wahenga wenu, kwa hiari, bila kulazimishwa, nikiwa na askari wawili tu wa kunibebea. Nanyi mkatoa. Mkatoa mikuki, mkatoa ngoma, mkatoa vinu, mkatoa viti, makasia, vibuyu, bangili za bibi zenu. Kwa takwimu zilizopo ofisini, asilimia mia moja na nne ya wananchi wametoa kitu.

(Makofi. Mwalimu wa shule anageuka kumtazama mwenzake.)

Najua kuna watakaosema kwamba asilimia haziwezi kuvuka mia. Hao walisomeshwa na mkoloni. Sisi tuko huru.

Sasa tazameni nyuma yangu. Mnaona nini? Mnaona mlango. Na si mlango wa mchezo: mbao ngumu kutoka milimani, bawaba mpya, kufuli kutoka Bujumbura, na utepe wenye rangi za bendera ambao Bwana Kamishna ataukata kwa mkasi mara nitakapomaliza, yaani baadaye. Kushoto na kulia mnaona uzio wa matete. Mnaweza kujiuliza, nyumba iko wapi? Swali la kijinga, lakini la halali. Waheshimiwa, mzungu alianza na msingi, kisha kuta, kisha paa, na mlango akauweka mwisho. Matokeo yake tuliyaona: alijenga kila kitu, na siku ya kuondoka akakuta mlango unafunguka kwa nje. Sisi, katika mpango wetu wa awamu, kwa kimaendeleo tunasema phase, tumeanza na mlango. Awamu ya kwanza ni mlango. Awamu ya pili ni étude, yaani kuchunguza kama mlango unahitaji nyumba.

(Mbuzi anatokea chini ya matete, upande ule ambako makumbusho yalitakiwa kuwa, akitafuna. Kicheko kirefu.)

Mwondoeni mbuzi huyo. Modeste, wewe uliyeshika ufunguo, mwondoe mbuzi. Mimi sisumbuliwi na mbuzi. Katika miaka ya taabu nilisumbuliwa na watu wenye bunduki, nikasimama imara.

(Sauti: "Ulisimama wapi?")

Nilisimama Bujumbura. Ndiyo, sifichi, kwa kuwa kiongozi hana la kuficha. Waasi walipoingia mji huu nilifanya uchambuzi wa hali, nikaona kwamba Uvira inahitaji mtu atakayeuona mji kwa ujumla wake, na mji hauonekani kwa ujumla wake mpaka uutazame kutoka ng'ambo. Niliutazama, waheshimiwa, kila asubuhi, kutoka veranda ya hoteli, kahawa mkononi, machozi machoni. Mlipolala njaa, nilikosa hamu ya kula. Mlipokimbilia milimani na watoto mgongoni, miguu iliniuma. Na mliporudi mkakuta nyumba zimechomwa, ni nani mliyemkuta ameshafika mbele yenu, ofisini, akiwa amevaa tai? Mlinikuta mimi. Wale wanaosema kwamba mwanzoni kabisa nilionekana nimevaa kofia ya waasi, wajue kwamba kofia hiyo niliivaa kwa ajili ya makumbusho, nikijua kwamba siku moja itakuwa kitu cha kihistoria. Chanda chema huvikwa pete, na kichwa chema huvikwa kofia inayokuwapo.

(Askari mmoja kivulini anakohoa.)

Tuendelee. Naona hapa mbele amekaa Mama Zaina binti Nasoro, na wanawake wenzake wa mtaa wa Waislamu, na naona wamekuja na mizigo ya kuni, na mchele umeshaoshwa umo kwenye masinia, na mbuzi wao wamekwisha kuchinjwa. Nawashukuru kwa kuja na chakula kwenye sherehe ya serikali.

(Mama Zaina anasema kwamba chakula si cha sherehe. Anasema leo ni khitma ya mumewe, Kitenge, aliyechukuliwa mwaka wa maasi, siku mji ulipobadilisha wenyewe, na ambaye habari za kifo chake ameletewa mwaka huu tu. Jamaa wameshafika kutoka Ubwari kwa mitumbwi. Amekuja kuichukua sufuria, wapike, watu wale baada ya sala ya adhuhuri.)

Mama Zaina, poleni sana. Sana. Bwana Kamishna, nikueleze ili usidhani hapa pana vurugu: mama huyu ni miongoni mwa watoaji wetu bora. Alitoa sufuria kubwa ya shaba, sufuria ambayo watu wanne wenye afya wanaibeba kwa mti, ambayo babu zao walivuka nayo ziwa kutoka Ujiji enzi za misafara. Nimeiandikia kibao mwenyewe. Nitawasomea: "Sufuria ya Kiarabu. Masultani waliitumia kuogea."

(Wanawake wanacheka kwa uchungu. Mama Zaina anasema hakuna sultani aliyeoga humo. Anasema ni sufuria ya mtaa, haina mwenyewe, na kila aliyekufa mtaani tangu wazee walipovuka amepikiwa humo.)

Historia ina matoleo mengi, mama, na toleo la serikali ndilo linaloandikwa kwenye kibao. Nilichotaka Bwana Kamishna akijue ni ukubwa wa jambo. Waasi walipokuja wakitafuta shaba, wanawake hawa waliichimbia mchangani, wakaweka jiko juu yake, wakakaa wanachoma mahindi. Waasi hawakuiona. Wakaja mamluki wa kizungu na macho yao ya bluu, wakapekua hadi chini ya vitanda vya wagonjwa. Hawakuiona. Na mimi? Mimi niliipata kwa maneno matamu tu. Niliketi mkekani, nikanywa chai yao, nikawaambia makumbusho yataiweka mahali pa heshima, na siku mkiwa na msiba njooni, mtaichukua kama mtu anavyochukua chake kwa ndugu. Wakaifukua wenyewe, wakaipangusa mchanga, wakanibebea mpaka kwangu. Hiyo, waheshimiwa, ndiyo inayoitwa diplomasia. Kilichowashinda wenye bunduki hakikumshinda Firmin-Norbert.

(Mtu mmoja anapiga makofi, kisha anaacha.)

Lakini, mama, ile ilikuwa lugha ya mkekani. Leo tuko kwenye lugha ya jukwaani. Kitu kikishaingia makumbusho kinaacha kuwa sufuria, kinakuwa patrimoine, yaani mali ya urithi wa taifa, na urithi wa taifa haupikiwi wali. Moto unaichosha shaba. Pilau inaidhalilisha. Kuna sayansi inaitwa conservation, ambayo inasema kitu cha zamani kisiguswe, kisisogezwe, kisipigwe na mvuke, na hasa kisiachwe mikononi mwa wenyewe. Mtaa wenu una sufuria ndogo ngapi? Nyingi. Basi pikeni katika zile ndogo. Haba na haba hujaza kibaba.

(Mama Zaina anaeleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni. Anasema chakula cha marehemu wao hutoka sufuria moja, mara moja, na tajiri na maskini wanachota hapo hapo, ili pasiwe na mtu wa kusema wa kwake alipikiwa vizuri kuliko wa mwenziwe. Kisha anasema kwa sauti: "Kitenge hana kaburi, Bwana Norbert. Iko tu na ile sufuria.")

(Katika viti vya mbele mtu mmoja anavua kofia.)

Maneno mazito. Maneno mazito sana, na Modeste atayapeleka kunakohusika. Hata hivyo nisingependa sherehe ya taifa igeuke msiba wa mtu mmoja, maana sote tulipoteza. Mimi mwenyewe katika maasi nilipoteza redio.

Narudi kwenye takwimu. Katika mwaka mmoja wa uongozi wangu, makumbusho haya yametembelewa na wageni elfu tatu, kwa makadirio ya kitaalamu yanayohesabu kila aliyepita barabarani akatazama upande huu. Ajira zimetengenezwa: mlinzi wa mlango, msaidizi wa mlinzi wa mlango, na Modeste, anayewalinda wote wawili. Mabega ya vijana yameimarika kwa kubeba. Wataalamu wa nje wametuandikia. Nami nimewajibu kwa Kifaransa ambacho, nadhani, bado wanakitafuta maana.

(Mzee Placide ananyosha mkono kama mwanafunzi. Anasema ana swali kuhusu kiti.)

Maswali baadaye, mzee.

(Mzee Placide anasema swali lake haliwezi kungoja baadaye, kwa sababu linakaliwa sasa hivi. Anasema kiti alichokalia Bwana Kamishna ni kiti cha babu yake, kile cha miguu mitatu, alichokitoa kwa makumbusho. Anakijua kwa mguu uliounguzwa na jiko.)

Ndiyo. Ni hicho. Na ni sababu ya kufurahi, si ya kunyosha mkono. Waheshimiwa, kuna makumbusho yaliyokufa, ya huko Ulaya, ambako kiti kinakaa kwenye kioo, na mtu anasimama mbele yake miguu ikimuuma. Sisi tumeleta makumbusho hai, musée vivant. Kiti kimo kazini. Bwana Kamishna amekikalia, maana yake Bwana Kamishna sasa ni sehemu ya historia ya babu yako. Badala ya kushukuru unanyosha mkono.

(Placide anasema kwamba babu yake alikuwa mwembamba. Kicheko.)

Wakubwa wa jeshi, naomba mtazame upande wa kicheko. Asanteni. Sasa nizungumzie mafanikio katika sekta ya vyombo vya wanawake, kwa sababu serikali yetu inawaheshimu wanawake kuliko wanavyojiheshimu. Mama Honorine wa Bwegera, mkulima wa mpunga, alitoa kinu cha marehemu mama yake. Kinu hicho kipo salama, katika hali nzuri ya joto na unyevu, mahali pa siri ambapo hapaguswi na mkono wa mtu.

(Mama Honorine anasimama. Anawaomba watu wanyamaze kidogo. Watu wananyamaza. Kutoka ua wa nyumba ya Mkurugenzi, nyuma ya uwanja, inasikika sauti ya mtu anatwanga. Mama Honorine anasikiliza, kichwa kimeinama. Anasema: "Kinu cha mama yangu iko analia pale." Anasema kina ufa upande mmoja, kwa hiyo kila pigo la pili hutoa sauti ya chini, na kwamba alilala na kuamka na sauti hiyo utoto wake wote. Watu wanasikiliza. Kila pigo la pili ni la chini.)

Ni jaribio. Hilo mnalolisikia ni jaribio la kitaalamu. Kinu kisipotwangwa hukauka na kupasuka, muulizeni fundi yeyote. Mama Georgette, mke wangu, anakitwangia majani ya sombe kwa kukihurumia. Mwanamke yule ana moyo. Nilipomwambia kwamba vitu vya taifa havina pa kukaa, maana nyumba bado iko katika awamu ya pili, hakusita: alisema viletwe nyumbani. Toka siku hiyo tumelala, mimi na yeye, kati ya mikuki na ngoma, tumekunywa kwenye vibuyu, tumefunga mlango wa choo kwa kasia, yote kwa kujitolea. Nani kati yenu amefanya hivyo kwa ajili ya nchi?

(Sauti nyingi kwa pamoja. Hazisikiki vizuri. Askari wanasimama, kisha wanakaa; mmoja wao mama yake alitoa ngoma.)

Tulieni. Tulieni, narudia, maana nakaribia mwisho, na mwisho wa hotuba yangu ni mtamu. Mgeni Rasmi, wewe ndiye utakayeamua. Taifa linaunda ofisi kubwa ya vitu vya kale kule Bukavu, na watu wa maana wanasema inatafutiwa mtu. Sitaji jina. Nasema tu kwamba mtu aliyeweza kujenga makumbusho bila nyumba, fikiria atafanya nini akipewa nyumba. Na gari. Na nyumba yenye gari.

(Bwana Kamishna anatazama saa. Upepo wa ziwani unabadilika, unaleta moshi kutoka ua wa Mkurugenzi, na vitunguu vinavyokaangwa.)

Naona pua zimeanza kuhudhuria. Basi tumalizie kwa kauli zetu. Nikisema "Vitu vya wahenga", mjibu "Mali ya taifa". Vitu vya wahenga!

(Viti vya mbele: "Mali ya taifa." Nyuma: "Mali ya Georgette.")

Uhuru na kumbukumbu!

(Watu wachache.)

Mlango leo, nyumba kesho!

(Mbuzi, ambaye Modeste alidhani amemwondoa.)

Inatosha. Imebaki shukrani, na mtu asiyeshukuru ni sawa na mtungi uliotoboka. Namshukuru Bwana Kamishna kwa kutuheshimu na kwa tumbo lake tupu, kwani alinitumia ujumbe mapema kwamba asubuhi hatakula chochote. Namshukuru fundi aliyetengeneza mlango, akakubali kwamba tusimsumbue kwa kuta, maana, tuseme ukweli kwa kuwa sasa tunakwenda mezani, kuta hazikuwahi kuwamo katika mpango. Étude ilifanyika sebuleni kwangu jioni moja, ikagundua kwamba mlango unatosha. Nawashukuru watoaji wote. Bila ninyi nyumba yangu ingekuwa tupu kama ya wengine waliorudi kutoka ng'ambo. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Zaina na mtaa wake. Mama, ulidhani nimeisahau sufuria yako? Sikuisahau hata kidogo. Wiki nzima mke wangu alikuwa akilia kwamba atawalishaje wageni hawa wote pamoja na msafara, na sufuria zetu ni za watu sita. Nikamwambia, mke wangu, Mungu ameshatoa. Tangu alfajiri sufuria yako iko motoni. Inafanya kazi vizuri sana, haiunguzi chini. Wamo humo nguruwe wawili wazima kutoka uwanda, wanono, maana Bwana Kamishna hali nyama nyingine, na bado nafasi imebaki. Nilitaka ulisikie hili mbele za watu, ujivunie.

(Sheikh ameinamisha kichwa. Padri, aliyekaa karibu naye, ameweka mkono begani mwake. Kule uani kinu kimenyamaza.)

Mbona mmekuwa hivyo? Nimesema nguruwe wawili, wanatosha. Hata ninyi wa nyuma mtapata mchuzi.

(Mama Zaina anasimama. Anafunga kanga yake upya, kiunoni, kama mtu anayejiandaa kwa kazi. Hapazi sauti, lakini mpaka nyuma wanamsikia.

"Minye nilikuja kuomba sufuria tu. Walituambia waasi iko wabaya, tukaificha. Walituambia mamluki iko wabaya, tukaificha. Weye ulikunywa chai yetu, tukakuletea na mikono yetu. Sufuria tutaiosha mara saba, mara moja na udongo, vile dini inasema, itatakata. Weye, Bwana Norbert, tutakuosha na nini?"

Anageuka, anaanza kutembea kuelekea ua wa Mkurugenzi. Wanawake wa mtaa wanamfuata na kuni zao. Mama Honorine anawafuata. Kisha wanawake wa wavuvi, ambao ni Wakristo na nguruwe hawana shida naye. Kisha watu.)

Mama Zaina. Mama Zaina, tafadhali, itifaki. Mgeni Rasmi hajala. Wakubwa wa jeshi, hamuoni kinachotokea?

(Wakubwa wa jeshi wanaona. Wanaangalia ziwa.)

Waheshimiwa mliobaki, msiwe na wasiwasi. Hii ni sehemu ya ratiba. Wananchi wametamani kuyaona makumbusho kabla ya utepe kukatwa, na shauku hiyo ni ushahidi wa kazi yangu. Nitaendelea na hotuba. Tanganyika, waheshimiwa, ni ziwa refu, na kila ziwa refu lina historia ndefu, na kila historia ndefu inahitaji mtu...

(Wanarudi. Mbele, watu wanne wamebeba sufuria kwa mti, tupu, inatoa mvuke. Nyama hawakuimwaga; wamemwachia Mama Georgette katika mabeseni na ndoo zake zote, na mtu mmoja anasema hata katika kofia moja ya zamani waliyoikuta ukutani. Mama Honorine anabingirisha kinu mavumbini. Wengine wana ngoma, mikuki, kasia la choo. Hawapiti karibu na jukwaa. Wanakwenda ziwani, na sheikh anawatangulia, akiwa ameshika kiganjani udongo mkavu wa uwanja.)

Tazameni. Tazameni jinsi patrimoine inavyotembea. Nani alisema makumbusho hayana miguu? Bwana Kamishna, naomba uandike hilo, kule Bukavu hawajawahi kuliona. Na sufuria ile, kama ulivyoiona, ni kazi safi ya masultani. Bwana Kamishna? Kaa tu, Bwana Kamishna, kaa.

(Bwana Kamishna, aliyekuwa amesimama kutazama, anakaa. Kiti hakipo. Mzee Placide yuko mbali tayari, kiti begani, anakwenda ziwani na wenzake. Bwana Kamishna anainuka, anajipangusa, anaita dereva.)

Bwana Kamishna, utepe. Mkasi huu hapa. Bwana Kamishna, lile la Bukavu tutazungumza lini?

(Gari linaondoka. Ufukweni wanawake wamekunja kanga hadi magotini, wanasugua. Mtu anahesabu kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili, na wengine wanaitikia. Kuni zimeshapangwa mchangani. Mbuzi yuko mlangoni anakula utepe.)

Basi, wapendwa wananchi, kwa niaba ya ofisi yangu, na kwa niaba ya mke wangu ambaye namsikia analia, nawashukuru kwa kuhudhuria kwa wingi, na natangaza kwamba Makumbusho ya Rugenge yamefunguliwa rasmi. Modeste. Modeste, usiende ziwani na wewe, rudi hapa na ufunguo. Funga mlango, vitu visije vikaibiwa.

(Modeste anarudi. Anafunga mlango, anaujaribu kama umefunga, anapita pembeni yake, anakwenda kula khitma.)